Pale Gwangju, saa inalia kila jioni



Mulinialika niwaambie juu ya safari yangu ya Korea ya Kusini, na najua wengine munangoja niseme juu ya manyumba marefu na treni za mbio. Ziko. Lakini mimi niliomba nifike kwanza Gwangju, mji wa kusini, kwenye uwanja ambao leo unaitwa Uwanja wa Demokrasia wa 18 Mei.

Kwa macho ni uwanja wa kawaida. Katikati kuna chemchemi ya maji ya mviringo, mbele yake jengo jeupe la zamani, kama ofisi ya gavana kwetu. Pembeni kuna jumba la judo, Sangmugwan. Balabala pana, Geumnam-ro, inaingia pale moja kwa moja. Unaweza kupita na simu mukononi bila kujua kitu.

Sasa musikie. Tarehe 17 mwezi wa tano 1980, jenerali Chun Doo-hwan alipanua sheria ya kijeshi nchi nzima. Kesho yake wanafunzi walisimama mbele ya Chuo Kikuu cha Chonnam, na wanajeshi wa parachuti wakawapiga kwa fimbo na visu vya bunduki. Hata mupita njia alipigwa. Jioni ya tarehe 20, madereva walileta taksi, mabasi na malori, karibu 200, taa zikiwaka, wakashuka Geumnam-ro kuelekea wanajeshi. (Fikirini bataximani betu!) Tarehe 21 mchana, mbele ya ile ofisi, jeshi likafyatulia umati risasi.

Hapo raia walichukua bunduki katika vituo vya polisi, na jeshi likatoka mjini. Sisi hatushiki silaha, kwa hiyo sehemu hii ilinisumbua, na sitaificha. Wenyewe pia iliwagawa: wengine walisema zirudishwe zote ili watu wasife tena, wengine wakakataa. Walibishana hadharani, na bunduki nyingi zilikusanywa.

Lakini kitu nilienda kutafuta ni zile siku zilizofuata, mpaka tarehe 26. Mji bila polisi, bila gavana, umezungukwa na jeshi, simu zimekatwa. Benki haikuibiwa. Watu walipanga mustari hospitalini kutoa damu. Bamama ba soko walipika wali, wakaufinyanga kama ngumi, wakagawia kila mtu barabarani. Na pale kwenye chemchemi watu walipanda kusema mbele ya maelfu: mwanafunzi, mufanyakazi, mama wa nyumba. Mimi nilikaa pale nikajiuliza: mji wetu ukiachwa siku tano peke yake, nani atafagia, nani atapika, nani atalinda duka la mwenzake? Muniambie.

Usiku wa mwisho walijua jeshi linarudi. Yoon Sang-won, musemaji wao, aliwaambia wanafunzi wadogo waende nyumbani, waishi, waje washuhudie. Yeye alibaki ndani ya ile ofisi. Alfajiri ya tarehe 27 dada mumoja alipita kwenye kipaza sauti akiomba mji usiwasahau. Kisha vifaru. Yoon aliuawa mule.

Maiti zilikuwa zimelazwa Sangmugwan, familia zikifungua jeneza moja moja kutafuta mutu wao. Serikali ilisema ni wahaini na wakomunisti. Miaka mingi, kulia kwenye kaburi tu kulileta polisi. Bamama hawakuacha. Mwaka 1996 Chun alihukumiwa kifo. Mwishoni mwa 1997 akasamehewa, akafa 2021 bila kuomba radhi. Tusidanganyane: haki yao haikutimia.

Ila hakuna tena anayeweza kusema haikutokea. Karibu na uwanja kuna jengo la Jeonil. Walihesabu alama za risasi kwenye kuta zake, moja moja, 245, na leo jengo linaitwa Jeonil 245. Na tarehe 3 mwezi wa kumi na mbili 2024, raisi alipotangaza tena sheria ya kijeshi usiku, watu wa Seoul walikimbilia bungeni na mavazi ya nyumbani. Wabunge waliikataa usiku uleule, na kabla kupambazuka vizuri ilikuwa imeondolewa.

Kila jioni, saa 17:18, saa ya munara pale uwanjani inapiga wimbo uliotungwa kwa ajili ya Yoon. Mzee mumoja wa kule, aliyenitembeza, alisimama mpaka ukaisha. Kisha akaniuliza kupitia mukalimani: wenu waliokufa kwenye maandamano, munao majina yao yote, na umri, na mahali walipoanguka?

Nilijua majina saba. Ya wengine nilijua tarehe tu.

Daftari liko pale mezani, karibu na mulango. Mwenye jina aandike kabla hatujatoka.