Hotuba ya Mwenyekiti: Unene, Wembamba na Mkopo



Habari za hisa na marejesho mtazisikia kwa mweka hazina. Sisi tunataka tuseme kidogo juu ya miili yetu. Msicheke jamani, tunalo la kukiri.

Tumekua tukijua kwamba mwanamke mzuri ni yule aliyejaa. Bi harusi akinenepa, watu husema mume anamtunza. Akikonda, mawifi huanza kunong'ona. Halafu ukaja ukimwi. Kule Uganda, madaktari walipouandika mwaka 1985, wenyeji walikuwa wameshaupa jina la "slim", maana yake mwembamba. Na huku kwetu ikawa hivyo hivyo, mtu akipungua tu ni kesi.

Mwaka wetu wa nne mwenzetu mmoja aliomba mkopo wa kuongeza mtaji wa vitenge. Kitabu chake kilikuwa safi, hakuwahi kuchelewesha rejesho hata moja. Lakini alikuwa amekonda, sare yetu inamvuka mabegani. Tukamzungusha wiki sita, njoo leo, njoo kesho. Hakuna aliyetamka sababu, ila sote tuliijua: tulimpima kwa macho tukaona huyu hatamaliza deni. Kumbe ni kisukari! Akauza cherehani yake apate hela ya matibabu. Yupo hapa leo na ametukubalia tuseme. Na hata ungekuwa ule ugonjwa mwingine, dawa za bure zilianza kutolewa nchini mwaka 2004, watu wanazitumia, wanafanya kazi na wanalipa madeni.

Wakati huo huo sisi wanene tulikopeshwa bila swali. Alipokuja muuguzi na tepu ya fundi cherehani, akatuambia mwanamke akipita sentimita 80 kiunoni apime presha na sukari. Waliopita ndio wale tuliokuwa tunawasifia umbo, na Mwenyekiti aliongoza.

Mabinti nao wananunua vidonge vya kuongeza makalio, havina hata jina la kiwanda. Wengine hela hiyo wanaitoa kwenye mgao wetu wa mwisho wa mwaka, tunawaona.

Siku hizi maombi ya mkopo husomwa kwa namba ya kitabu, mwombaji akiwa nje, ingawa namba zenyewe tunazijua kwa kichwa. Cherehani ile hatukuipata tena. Tulimchangia nusu ya bei ya nyingine, nusu akajazia mwenyewe.

Mweka hazina, karibu.