Edirne: Hospitali Iliyotibu kwa Maji na Muziki

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa wahudumu wa afya wa kujitolea)



Nimeombwa nieleze niliyoyaona Uturuki. Sitawachosha na habari za Istanbul, maana hizo wengi mmekwisha kuzisikia. Nitazungumzia Edirne, mji mtulivu ambao wasafiri wengi huupita tu wakielekea mpakani.

Edirne uko kiasi cha kilomita 240 kaskazini-magharibi ya Istanbul, karibu na mipaka ya Ugiriki na Bulgaria. Zamani uliitwa Hadrianopolis, kwa jina la Hadrian, mfalme wa Roma. Kabla ya Istanbul kutekwa mwaka 1453, makao makuu ya Milki ya Osmani yalikuwa hapa. Katikati ya mji umesimama msikiti wa Selimiye, kazi ya fundi Mimar Sinan, uliokamilika mwaka 1575 naye akiwa na zaidi ya miaka 80. Lipo pia sinagogi kubwa lililojengwa mwaka 1909, likakarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2015.

Hata hivyo, ninalotaka mlikumbuke liko kando ya mto Tunca, nje kidogo ya mji. Huko Sultani Bayezid wa Pili alijenga, kati ya mwaka 1484 na 1488, msikiti, hospitali, chuo cha tiba na jiko la kulisha watu. Leo hospitali hiyo ni jumba la makumbusho chini ya Chuo Kikuu cha Trakya, na mwaka 2004 lilipata tuzo ya makumbusho ya Baraza la Ulaya.

Ukiingia ndani unafika kwenye ukumbi wa pembe sita wenye kuba, na katikati yake pana chemchemi. Vyumba vya wagonjwa vimeuzunguka. Msafiri Evliya Çelebi, aliyeandika katika karne ya 17, anaeleza kwamba wanamuziki walikuja mara tatu kwa juma kuwapigia wagonjwa, wakiwemo wagonjwa wa akili. Harufu ya maua nayo ilitumika kama tiba. Kwa kuwa ukumbi ni mmoja, mlio wa maji na sauti ya ala vilimfikia kila mtu chumbani mwake.

Tusizidishe sifa. Mwandishi huyo huyo anasema baadhi ya wagonjwa walifungwa minyororo. Lakini walihesabiwa kuwa ni wagonjwa wanaostahili daktari, chakula na mahali pazuri. Hawakuachwa wazurure njiani wakirushiwa mawe.

Sasa mtauliza, gharama zililipwa na nani? Jibu ni wakfu, neno ambalo watu wa Pwani yetu wanalijua vyema. Mapato ya mali zilizowekwa wakfu ndiyo yaliyolipa mishahara, dawa na chakula. Sultani Bayezid alifariki mwaka 1512, lakini hospitali iliendelea kuhudumia watu kwa karne kadhaa baada yake.

Ndugu zangu, hapo ndipo mimi niliposimama nikatafakari. Ni miradi mingapi tumeiona ikizinduliwa kwa ngoma na vigelegele, na mfadhili alipoondoka zahanati ikabaki kuta na popo? Kujenga si kazi ngumu sana. Kazi ngumu ni kuhakikisha mwaka wa kumi dawa bado zipo kabatini na mhudumu bado analipwa.

Kwa hiyo nawaachia mambo mawili. Kwanza, kila tunapopanga huduma, tupange siku hiyo hiyo chanzo chake cha mapato, hata kama ni shamba dogo, mashine ya kusaga au chumba cha kupangisha, na hesabu zake zisomwe mbele ya watu. Pili, tunapotembelea kaya, tuulize kwa upole kama yupo mgonjwa aliyefichwa chumba cha nyuma. Familia nyingi humficha kwa aibu na kwa kukosa msaada, si kwa ukatili. Tuwasaidie wamfikishe kwa daktari, naye apate kukaa uani na kusikia sauti za watu wake.

Waswahili husema, akiba haiozi. Edirne ni ushahidi wa hayo.