Mita ya Stima na Paa la Mabati

Upotevu wa joto katika nyumba inayokaliwa na watu hukadiriwa kwa kulinganisha nishati inayotumika ndani na tofauti ya halijoto kati ya ndani na nje, na jibu lake, linalotajwa kwa wati kwa kila digrii, huonyesha jinsi kuta, paa na nyufa zinavyopitisha joto. Mbinu hii imezoeleka katika nchi za baridi kama Uingereza, ambako majira ya kipupwe ndani huweza kuzidi nje kwa digrii 15 na nishati nyingi ya nyumba hupitia mita. Inapoletwa Ahero, mji wa mpunga katika tambarare ya Kano nchini Kenya, nguzo zake zote mbili hulegea.

Mchana wa Ahero hukaribia digrii 30 karibu mwaka mzima, kwa hiyo ofisi ambayo kiyoyozi chake kimewekwa digrii 24 hutofautiana na nje kwa digrii 6 tu, na joto ndilo linaloingia badala ya kutoka. Mathalani, jengo linalopitisha wati 200 kwa kila digrii litaingiza wati 1,200. Jua la adhuhuri karibu na ikweta, hata hivyo, humwaga takriban wati 1,000 juu ya kila mita ya mraba, maana yake paa la mabati la mita 40 za mraba hupokea wati 40,000. Sehemu moja tu ya kumi ikipenya paa lisilo na dari, ni zaidi ya mara tatu ya joto lile la awali. Mkaguzi anayegawa yuniti (kilowati-saa) za mwezi kwa tofauti ya halijoto ataziadhibu kuta kwa kosa la paa.

Lipo pia joto lisilopita kwenye mita. Nusu kilo ya makaa ikiteketea ndani hutoa joto la takriban yuniti 4, ambalo mita ya tokeni haina habari nalo, na kila mtu aliyetulia huongeza karibu wati 100.

Kwa sababu hizo, saa zenye manufaa zaidi ni zile za mwisho kabla ya mapambazuko, wakati jua halipo, jiko limezimika, kuta za matofali zimekwisha kutoa sehemu kubwa ya joto la mchana, na nje kumepoa hata kukaribia digrii 18. Idadi ya waliolala na hali ya madirisha, ambayo wengi huyafunga kwa kuogopa mbu, ni lazima ziandikwe, kwani dirisha moja likifunguliwa hesabu hubadilika.

Kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 ziliwalazimisha watumiaji wa yuniti 180,000 na zaidi kwa mwaka kukaguliwa kila baada ya miaka mitatu, kiwango ambacho duka au zahanati ndogo haikaribii. Huko uamuzi wa kununua kiyoyozi hufanywa bila kipimo chochote, ilhali vipimajoto viwili, kimoja ndani na kimoja nje, pamoja na daftari la yuniti za jioni na alfajiri, vingetosha kuonyesha kama kinachohitajika ni dari.