Potwe wa Kilindoni na Kiasi cha Wageni



Kila mwaka, tangu mwezi wa Oktoba hadi upepo wa kaskazi unapolegea, wageni hushuka Kilindoni kwa ndege kutoka Dar es Salaam au kwa boti kutoka Nyamisati ili kumwona samaki mmoja tu. Samaki huyo ni potwe. Hakuna samaki anayemshinda kwa ukubwa duniani, na bado chakula chake ni uduvi na vidagaa, anavyovichuja kwa kinywa kilicho wazi huku akiogelea taratibu karibu na uso wa maji. Wavuvi wa Mafia walimjua kabla mtalii yeyote hajavaa miwani ya kuogelea. Mara nyingi penye potwe pana dagaa, na nyavu hutupwa hapo hapo anapokula.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba msimu ukiisha potwe huenda zao bahari za mbali. Watafiti waliwafunga baadhi yao vyombo vidogo vya kutoa mawimbi ya sauti, wakaweka vipokezi chini ya bahari, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yakaonyesha jambo jingine: wengi hubaki karibu na kisiwa mwaka mzima, ila husogea mbali kidogo na pwani na kushuka kwenye kina ambako jicho la binadamu haliwafikii. Madoa ya ubavuni mwao, nyuma ya matamvua, hutofautiana kati ya mmoja na mwingine kama alama za vidole. Kwa picha za madoa hayo zaidi ya potwe mia moja wametambuliwa katika maji ya Mafia, na baadhi yao huonekana tena mwaka hadi mwaka. Potwe, basi, si mgeni. Ni mkazi wa wilaya, ingawa hayumo katika daftari la kijiji chochote.

Jambo hilo lina uzito mkubwa katika mazungumzo ya utalii. Mpita njia akiudhiwa huenda kwingine, na nafasi yake huja kushikwa na mpita njia mwingine. Mkazi akikatwa na rafadha ya boti leo, ndiye huyo huyo atakayetafutwa mwakani. Isitoshe, potwe huchukua miaka mingi kukomaa na kuzaa, na mwaka 2016 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, liliwaingiza katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Jina la utalii wa ikolojia limeenea tangu Umoja wa Mataifa ulipoutangaza mwaka 2002 kuwa mwaka wa utalii huo. Limeandikwa kwenye vibao vya hoteli na ubavuni mwa boti, wakati mwingine bila kubadilika chochote isipokuwa rangi ya kibao, ambayo huwa kijani. Maana yake ni safari ya kwenda penye maumbile, inayoyalinda maumbile hayo na kuinua hali ya wenyeji. Lakini maelezo hayo yana kasoro moja: hayataji kiasi. Utalii wa halaiki hufurahia kila kichwa kinachoongezeka. Utalii wa ikolojia huanza pale mtu mwenye mamlaka anapotamka kwamba boti za leo zimetosha, hali wageni wenye fedha mkononi bado wanasubiri ufukweni. Pasipo tamko hilo, tofauti ya aina hizo mbili ni ya maneno.

Mji wa Oslob nchini Ufilipino unastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa shughuli yake ilianzishwa na wavuvi wenyewe, si na tajiri kutoka nje. Mwishoni mwa mwaka 2011 walianza kuwalisha potwe uduvi kila asubuhi ili wasiondoke. Wageni wakaja kwa maelfu, na baada ya miaka michache kwa mamia ya maelfu kwa mwaka. Si haki kuificha faida iliyopatikana. Sehemu kubwa ya fedha za tiketi ilikwenda kwa chama cha wavuvi, nyumba zikajengwa, watoto wakasomeshwa. Mvuvi wa Mafia akisikia habari hiyo akauliza kwa nini isifanyike hapa, swali lake ni la haki na halijibiwi kwa kumkemea.

Jibu limo katika miili ya samaki wenyewe. Potwe wa Oslob walijifunza kuzifuata boti, na watafiti wameorodhesha makovu mengi katika ngozi zao. Baadhi yao walikaa mahali pamoja kwa miezi mingi mfululizo, na matumbawe ya eneo hilo yakaonekana kuwa hafifu kuliko ya jirani. Watu nao walifungwa kwa kamba hiyo hiyo: riziki ya mtaa mzima ikategemea ndoo ya uduvi ya kila asubuhi. Mafia haijanunua uduvi wa kumshawishi potwe. Bahari huuleta yenyewe.

Huko Ningaloo, magharibi mwa Australia, njia nyingine ilichaguliwa. Leseni za boti zina kikomo. Chombo kimoja tu huruhusiwa kuwa ndani ya mita 250 za samaki kwa wakati mmoja, tena kwa muda usiozidi dakika 90. Watu wanaoingia majini hawazidi kumi, na kumgusa samaki ni marufuku. Samaki halishwi, na hakuna awezaye kumwahidi mgeni kwa uhakika kwamba atamwona. Bei ya safari ni kubwa, na wageni huilipa.

Je, ni nani wa kuweka kikomo kama hicho Kilindoni? Wengi hudhani kazi hiyo ni ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza nchini. Lakini hifadhi hiyo iko kusini na mashariki mwa kisiwa. Ghuba ya Kilindoni, anakokula potwe, imo nje ya mipaka yake. Kwa hiyo mzigo unaangukia Halmashauri, vijiji vya ufukweni na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inavipa vijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikishajadiliwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na Halmashauri. Chombo cha kisheria, basi, kipo.

Katika kukitumia, mvuvi asihesabiwe kuwa kikwazo. Potwe anapoingia ndani ya wavu wa kuzungushia, mwenye wavu huombwa aushushe ili samaki atoke, na dagaa wa asubuhi hiyo hutoka naye. Boti ya wageni ikifika dakika kumi baadaye, mwenye boti hulipwa na wageni wake. Aliyeshusha wavu harudishiwi hata bei ya mafuta. Sheria ndogo isiyompa huyo fungu katika ada ya wageni itavunjwa usiku, na lawama haitakuwa yake peke yake.

Kikomo kinahusu nchi kavu pia. Kisiwa cha Chumbe, jirani na Unguja, ambacho matumbawe yake yalianza kulindwa kisheria mwaka 1994, kina nyumba saba tu za wageni. Maji yake ni ya mvua yanayovunwa kwenye paa, vyoo vyake havitumii maji, umeme wake ni wa jua, na walinzi wake walitoka miongoni mwa wavuvi. Mafia ni kubwa mara nyingi kuliko Chumbe na haiwezi kuiga kila kitu. Hata hivyo, anayeomba kiwanja cha hoteli anaweza kuulizwa, kabla ya kupewa, maji atayapata wapi na majitaka atayapeleka wapi. Kisima cha hoteli na kisima cha kijiji hunywa chini kwa chini katika maji yale yale.

Kikomo chochote kitahitaji daftari ufukweni: saa boti ilipotoka, idadi ya watu waliomo, potwe waliokutana nao, jeraha lililoonekana. Daftari na kalamu si gharama. Mgumu kupatikana ni mtu wa kukaa juani tangu alfajiri na kuandika kwa uaminifu, asiye ndugu wa mwenye boti, na posho yake haina budi kuingizwa katika bajeti kabla ya Oktoba.