NANI MPENZI WA HADITHI?

Nitasoma polepole, nanyi fuateni mstari kwa kidole.

Leo tunasoma habari za wapenzi wa hadithi. Mpenzi wa hadithi si msomaji tu. Akimaliza kitabu hutafuta wenzake, huwaandikia barua, nao huunda chama. Huko Marekani wako wapenzi wa hadithi za kubuni za sayansi, yaani hadithi za safari za kwenda kwenye nyota, na za mashine ambazo bado hazijaundwa.

Mwaka 1929 kimojawapo cha vyama vyao vya kwanza kiliundwa mjini New York. Mwenyekiti wa kwanza alikuwa Warren Fitzgerald, mtu mweusi. Wanachama walikutana nyumbani kwake, Harlem. Angalieni basi: mtu mweusi hakuja jana. Alikuwapo tangu mlango ulipofunguliwa.

Lakini miaka ilipopita, watu weusi walionekana wachache sana katika vyama hivyo. Katika miaka ya 1950 kijana wa Kizungu, Terry Carr, na rafiki zake walimbuni mtu mweusi, wakamwita Carl Brandon. Waliandika makala kwa jina lake katika magazeti ya wapenzi. Wasomaji walimpenda, wakadhani yupo kweli. Kumbe hayupo! Mweusi waliyemfurahia alikuwa wa karatasi tu.

Na weusi wa kweli je? Mwandishi Samuel R. Delany, mtu mweusi, ameeleza kwamba mhariri mmoja alikataa kuchapa riwaya yake, Nova, katika gazeti lake. Mhariri alidai kwamba wasomaji hawatampokea shujaa mweusi. Riwaya hiyo ilitoka kama kitabu mwaka 1968. Je, wasomaji waliulizwa? Hapana. Mtu mmoja aliwajibia wote.

Mwaka 1999 wapenzi na waandishi waliunda chama cha kuwasaidia wasomaji na waandishi wasio Wazungu. Wakachukua kwa makusudi jina la yule mtu wa kubuni, wakakiita Chama cha Carl Brandon. Mwandishi mweusi Octavia Butler alipofariki mwaka 2006, chama hicho kilianzisha msaada wa masomo kwa jina lake, ili waandishi wapya waweze kulipia mafunzo.

Sasa lile swali likajibiwa. Wapenzi hao hupiga kura kila mwaka kuchagua riwaya bora, na tuzo yake huitwa Hugo. Mwaka 2016 walimchagua N. K. Jemisin. Alikuwa mwandishi mweusi wa kwanza kuipata tuzo ya riwaya. Mwaka 2017 wakamchagua tena, na mwaka 2018 mara ya tatu. Basi wasomaji walikuwa tayari kumpokea.

Ndugu msomaji, somo hili lina fundisho. Kutomfukuza mtu si sawasawa na kumkaribisha. Mgeni akikaa peke yake pembeni, haambiwi neno, atarudi kwake, nasi tutasema, "Watu wa namna yake hawapendi mambo haya." Tazama chama chako, kiwe cha mpira, cha ngoma au cha kusoma. Nani hayupo? Je, amealikwa?

Maswali ya darasa:
1. Chama cha mwaka 1929 kilikutana wapi?
2. Kwa nini watu walichukua jina la mtu asiyekuwapo?
3. Andika sentensi mbili za kumkaribisha mgeni katika chama chako.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.