Miaka 12 ya Shule: Wamisionari Wastaafu na Malezi ya Watoto wa Aru

Mume na mke waliostaafu wanaojitwika malezi ya watoto wa nchi nyingine wako wa aina mbili, na Ituri, mkoa wa kaskazini-mashariki mwa Kongo, imewaona wote. Wa kwanza ni waliozeekea kazini: walifika wangali vijana, wakazaa na kulea huku huku, na umri wa kustaafu ukawakuta bado na funguo za zahanati mfukoni. Wa pili ni wale waliomaliza kazi zao kwao, za ualimu, uuguzi, uhasibu au ufundi, kisha wakaamua kwamba pensheni na nguvu zilizobaki zitumike ng'ambo. Baadhi yao huja wenyewe kwa miezi michache; wengine hubaki kwao na kutuma karo. Ripoti za makanisa huwatia wote kapu moja, na hilo hupotosha. Wa kwanza humjua mtoto pamoja na ukoo wake, wa pili humjua kwa picha na barua.

Aina ya kwanza ilikuja na misheni za mwanzoni mwa karne ya 20. Africa Inland Mission (AIM), iliyoanzishwa na Peter Cameron Scott mwaka 1895, ilitoka Kenya na kuingia Kongo ya Wabelgiji mwaka 1912 kupitia Mahagi, John Stauffacher akiwa miongoni mwa waliotangulia. Vituo vilifuatana: Aba, Rethy, Blukwa, Adi na vingine, na kanisa lililozaliwa humo ndilo CECA 20 ya leo. Kwa Waanglikana mlango ulikuwa Mboga, alikofika Mganda Apolo Kivebulaya mwaka 1896. Yaani mmisionari wa kwanza wa kanisa hilo katika Ituri alikuwa Mwafrika, jambo ambalo wafadhili wa ng'ambo hushangaa kulisikia.

Misheni kama AIM hazikuwa na mshahara kwa maana ya kawaida. Mume na mke waliishi kwa sadaka za marafiki na makanisa ya kwao, na pasipo mshahara, kustaafu nako hakukuwa na siku yake. Mtu aliacha kazi mwili ulipogoma. Daktari Carl Becker na mkewe Marie walifika kutoka Marekani mwaka 1929, Becker tayari alikuwa amevuka miaka 30 na kuacha kazi nzuri ya udaktari huko Pennsylvania. Walijenga hospitali ya Oicha, karibu na Beni, iliyopata sifa kubwa kwa matibabu ya ukoma. Uasi wa Simba ulipowafukuza mwaka 1964, Becker alikuwa na miaka 70. Kwa desturi ya nchi nyingi huo ulikuwa wakati wa kuketi barazani na wajukuu. Wao walirudi mwaka uliofuata, na Becker akawa nguzo ya kituo kipya cha tiba cha Nyankunde, si mbali na Bunia, ambako misheni kadhaa ziliunganisha nguvu na kufundisha wauguzi wa Kikongo. Waliondoka mwaka 1976, yeye akiwa amepita miaka 80. Nyankunde iliposhambuliwa Septemba 2002 na watu wengi kuuawa, wauguzi na wagonjwa walionusurika walikimbilia upande wa Oicha na Beni, wengi wao kwa miguu. Waliowasindikiza wagonjwa katika safari hiyo walikuwa Wakongo, na hapo ndipo thamani ya miaka ile ya kufundisha wauguzi inapoonekana.

Maisha ya familia yenyewe hayaelezwi sana katika vitabu vya misheni, ambavyo hupita hapo haraka mno. Rethy, juu kwenye vilima vyenye baridi vya Djugu, ilikuwa na shule ya bweni kwa watoto wa wamisionari. Mtoto mdogo kabisa alipelekwa huko, akaonana na wazazi wakati wa likizo, huku mama yake akifundisha na kuwauguza watoto wa watu wengine kituoni. Wapo walioikumbuka shule hiyo kwa upendo. Wapo walioondoka nayo na kidonda. Mfano mkali zaidi ni wa C. T. Studd, mwasisi wa Heart of Africa Mission, aliyeingia Kongo mwaka 1913 akiwa na miaka 52. Mkewe Priscilla, mwenye afya dhaifu, alibaki London akiendesha ofisi ya misheni. Studd alirudi Uingereza kwa mara ya mwisho kati ya 1914 na 1916. Baada ya hapo wanandoa hao walionana mara moja tu, Priscilla alipokwenda Kongo kwa muda mfupi mwaka 1928. Alifariki mwaka uliofuata, naye Studd alifia Ibambi mwaka 1931. Wengi huisimulia habari hii kama ushujaa. Kwa makala inayohusu malezi, ni halali kuuliza pia nani alilipa gharama ya ushujaa huo.

Wastaafu wa leo hawako katika hali hiyo. Watoto wao ni watu wazima wenye kazi zao, na kinachowavuta kurudi nyumbani ni wajukuu, magonjwa, na wazazi wenye miaka 90 wanaohitaji kuangaliwa. Wana pensheni, kwa hiyo hawalazimiki kuzunguka makanisani wakiomba nauli. Lakini pensheni ina masharti yake. Mwingereza hupata pensheni ya serikali akifika umri uliowekwa na sheria, na akihamia nchi isiyo na mkataba husika na Uingereza, Kongo ikiwemo, kiwango hugandishwa pale kilipo wakati bei zinapanda. Mmarekani hulipwa akiwa ng'ambo, ila bima ya wazee ya Medicare haimtibu nje ya Marekani, isipokuwa katika hali chache sana. Bima ya kibinafsi ya kumsafirisha mgonjwa mwenye miaka 75 kwa ndege hadi Kampala au Nairobi ni ghali, na kampuni nyingine hukataa kabisa kuiuza. Ndiyo maana wengi huja kwa muda mfupi, kisha kazi yao kubwa huwa ya kutoka mbali: kukusanya, kuandika, kutuma.

Aru hupokea msaada wa namna hiyo katika mazingira yake yenyewe. Mji uko mpakani, Arua ya Uganda ikiwa mwendo mfupi, na Walugbara wako pande zote mbili. Soko la Ariwara huwavuta wafanyabiashara wa Uganda na Sudan Kusini, na shilingi ya Uganda hupita mkononi sawa na faranga na dola. Vita vilivyoiteketeza Bunia na Djugu kuanzia 1999 viliifikia Aru kwa sura tofauti: wakimbizi wengi na utawala wa waasi wa FAPC, lakini si mauaji ya kiwango cha kusini. Baadaye walikuja Wasudan Kusini, ambao baadhi yao walipewa makazi Biringi. Tangu mashambulizi ya wanamgambo wa CODECO yalipoanza Djugu, barabara ya Bunia kupitia Mahagi imekuwa ya mashaka, na kwa mgeni mzee njia ya busara ni kushuka Entebbe na kupanda hadi Arua.

Msaada unaoombwa zaidi ni wa shule. Kwa mkataba wa Februari 1977, serikali iliyakabidhi makanisa uendeshaji wa shule zao, na shule hizo za konvansioni ndizo zinazosomesha watoto wengi wa Aru. Kwa miaka mingi wazazi walilipa minervali, yaani karo, pamoja na prime, yaani nyongeza ya mshahara, ya walimu, na asiyelipa alirudishwa nyumbani asubuhi mbele ya wenzake. Katiba ya 2006 iliahidi elimu ya msingi bila malipo, ahadi iliyoanza kutekelezwa Septemba 2019. Mzigo haukuisha, ulihama. Sare, madaftari na viatu bado ni vya mzazi, na sekondari bado hulipiwa. Mfadhili anayedhani kwamba shule sasa ni bure hukata msaada pale pale mtoto anapouhitaji zaidi, yaani anapomaliza darasa la 6.

Hapa ndipo hesabu inapowabana wastaafu kuliko wafadhili wengine wote. Shule ya Kongo ni miaka 6 ya msingi, miwili ya elimu ya msingi ya juu na minne ya humanité, jumla 12, hadi mtihani wa taifa. Mtoto wa miaka 6 anayechukuliwa na mume na mke wenye miaka 68 atamaliza shule wao wakiwa na 80, ikiwa hakurudia darasa, na katika nchi iliyozoea vita wengi hurudia. Kusema kweli, wenye umri huo hawaahidi miaka 12, wanaahidi kuanza. Ahadi hiyo ni nzuri mradi iandikwe hivyo tangu siku ya kwanza, na mtu wa kuipokea awe anajulikana.

Je, msaada wa mtoto mmoja mmoja una faida? Utafiti wa Bruce Wydick, Paul Glewwe na Laine Rutledge, uliochapishwa mwaka 2013, ulichunguza ufadhili wa shirika la Kikristo la Compassion katika nchi 6, Kenya na Uganda zikiwemo. Uliona kwamba waliofadhiliwa walisoma zaidi kwa mwaka 1 hadi mwaka 1 na nusu hivi, na uwezekano wao wa kumaliza sekondari uliongezeka kwa pointi 12 hadi 18 hivi za asilimia. Watoto hao waliishi kwao, wakaenda kwenye kanisa la jirani kwa masomo ya ziada na matibabu. Hawakuhamishwa.

Jambo hilo la mwisho ni zito kwa Aru. Mgeni akiona mtoto aliyefiwa na wazazi, wazo la kwanza ni kujenga nyumba ya yatima, kwa sababu nyumba hupigwa picha na ina kibao chenye jina. Lakini mtoto wa Kilugbara ni wa ukoo wa baba, mradi mahari imelipwa. Isipolipwa, wajomba nao wana la kusema. Yatima mwenye baba wadogo watatu na nyanya ana watu, hata kama watu hao hawana chumvi. Kumtoa kwao na kumlaza bwenini humpatia chakula na humnyima mahali pa kuoa, kurithi shamba na kuzikwa. Rwanda iliamua mwaka 2012 kuzifunga nyumba za yatima hatua kwa hatua na kuwarudisha watoto katika familia, na Kenya iliandika mkakati wa namna hiyo mwaka 2022. Njia ya kuwapeleka watoto ng'ambo nayo ilizibwa: Septemba 2013 Kinshasa ilisimamisha vibali vya kutoka kwa watoto walioasiliwa na wageni, baada ya mashaka juu ya watoto waliouzwa au kutelekezwa, na familia nyingi za Ulaya na Marekani zilikwama kwa miaka.

Penye ufadhili wa nyumbani matatizo ni madogo lakini ya kila siku. Bahasha yenye zawadi ya Krismasi humfikia mtoto mmoja katika nyumba yenye watoto saba. Kandambili mpya huvaliwa na mmoja, sita wanatazama, na shangazi anayepika ndiye anayesikiliza kilio. Parokia zenye uzoefu hulitatua hili kwa kuandika kaya badala ya mtoto: daftari moja, jina la mlezi juu, watoto wote chini yake, kisha karo, sabuni, jembe na mbegu katika safu zake. Mkurugenzi wa shule hutoa risiti yenye muhuri, mlezi hutia dole gumba, na nakala husafiri kwa WhatsApp hadi kwa mfadhili. Akina mama wa kanisa ndio wakaguzi bora wa daftari hilo, kwa kuwa wanajua mahindi ya nani yameoza shambani na mume wa nani anakunywa karo.

Fedha zenyewe ni vyema zipite mlango mmoja. Mwingereza anayetoa kupitia shirika la hisani lililosajiliwa kwao huwezesha shirika kudai peni 25 kutoka kwa serikali kwa kila pauni, mradi amelipa kodi ya kutosha. Akimtumia mlezi moja kwa moja kwa simu, nyongeza hiyo hupotea na kumbukumbu pia. Akaunti ya dayosisi yenye sahihi mbili huchosha, na mfadhili mwenye haraka huilalamikia. Lakini ndiyo itakayoendelea kufanya kazi baada ya mazishi yake.

Mmoja wa wanandoa akifa, mara nyingi aliyebaki si yule aliyekuwa akiandika barua. Hujikuta na orodha ya majina asiyoyafahamu na uchungu wa msiba juu yake. Kwa hiyo utaratibu unaofaa ni kuacha kupokea watoto wapya mapema, kuwamaliza walio katika humanité hadi mtihani wa taifa, na kuwakabidhi wadogo kwa kanisa au kwa vijana waliosomeshwa zamani ambao sasa ni walimu na wauguzi. Mali inayoachwa kwa wosia kwa shirika la hisani la Uingereza haitozwi kodi ya urithi. Wosia unaomtaja mtoto mwenyewe kwa jina husumbua zaidi, kwani mwanasheria atadai uthibitisho wa kuzaliwa, na watoto wengi wa Ituri hawajawahi kuandikishwa. Cheti hicho, kwa gharama yake ndogo, ndicho kinachostahili kulipiwa kwanza, hata kabla ya sare.