Kiharusi: Mgonjwa Akirudi Nyumbani, Kazi Ndiyo Inaanza



Nimeombwa niseme machache kuhusu kiharusi. Wengi wetu, Migori na Homa Bay, tunajua la kwanza: uso ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakikwama, mkimbize mgonjwa hospitalini saa hiyo hiyo. Usianzie kwa mganga, huyo hajarogwa. Mara nyingi chanzo ni shinikizo la damu.

Leo nataka tuzungumzie siku anayorudi nyumbani. Hapo ndipo tunapokosea, tena kwa upendo. Tunamlisha, tunamvisha, tunamwambia, "Baba, wewe pumzika." Mkono usiotumika unakakamaa. Ubongo hujifunza upya kwa kurudiarudia, na miezi ya mwanzo ina thamani kubwa zaidi.

Mtaalamu wa tibakazi humfundisha mgonjwa shughuli zake za kila siku: kuoga, kufunga vifungo, kumega ugali. Nyumbani, endelezeni. Mpeni omena achambue. Kama alikuwa akishona nyavu, mpeni uzi. Akivaa shati, aanze na mkono dhaifu; akivua, autoe mwisho. Msimvute kwa mkono huo, bega litaumia. Akichukua nusu saa kufunga vifungo, msubirini.

Msikatize kliniki, wala dawa za presha. Hospitali ikiwa mbali, mwoneni mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu awaelekeze.

Baba anataka kumega tonge lake mwenyewe. Tumwachie.